Mwaka Utumbo wa Mkwe Wangu Ulipojisokota

"Je, amejamba?"

Hilo ndilo neno la kwanza Zainabu alilonitamkia baada ya karibu miaka hamsini ya kutoonana. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwake Nkuhungu, viatu mkononi, nimemwamkia shikamoo dada kwa adabu zangu zote, na yeye badala ya kuniitikia marahaba akainua uso kutoka kwenye ungo wa mchele, akatega sikio, akaniuliza hilo. Macho yake yameingia ukungu, mchele anauchambua kwa vidole tu. Sauti yangu ndiyo aliyoitambua. Mjukuu wangu Nyemo, aliyenipeleka pale, alishtuka akanitazama kama vile tumekosea nyumba. Mimi nilikaa chini palepale kizingitini nikacheka mpaka ubavu ukauma, na Zainabu naye akacheka, meno yamebaki manne lakini kicheko ni kilekile, cha kupanda ngazi. Nikamjibu, "Alijamba, dada. Alijamba, akaishi, akanizikia hata mbuzi wangu wawili." Ndipo akasema marahaba.

Nyemo ndiye aliyempata. Anasoma chuo kikuu hapa Dodoma, shahada ya pili sasa, na mwanafunzi mwenzake mmoja kumbe ni mjukuu wa Zainabu. Walikuwa wanasimuliana habari za mabibi zao wakati wa kula, huyu akasema bibi yangu alikuwa nesi, yule akasema bibi yangu alimuuguza mkwe wake hospitali ya mjini na kuna nesi alimtukana, na kwa njia hiyo wakatukutanisha. Mimi nilisoma hadi darasa la nne, na la nne lenyewe sikulimaliza. Lakini mjukuu wangu anasomea utumbo. Si utumbo wa supu. Anasomea zile chembe ndogo zilizojipanga ndani ya utumbo, kwamba damu ikikatika zinafanyaje, na damu ikirudi zinafanyaje. Watu wa kanisani wakiniuliza Nyemo anasomea nini, wengine hutarajia niseme ualimu au sheria. Nawaambia utumbo. Wakikunja pua nawauliza kama wao wa kwao wameuacha nyumbani.

Zainabu alitupikia chai ya iliki na vitumbua, na tulipokuwa tunakula Nyemo alitaka nimsimulie ule mwaka wote, kwa sababu mimi huwa nausimulia vipandevipande, leo kichwa, kesho mkia. Nikasema basi nitauandika. Ndio huu.

Mwaka ule nilikuwa mkamwana mpya Mkonze, sijatimiza hata miezi sita ndani ya tembe la watu. Mkonze ya leo ni nyumba za mabati ya rangi na watumishi wenye magari, lakini wakati ule ilikuwa mashamba ya mtama na uwele, na mwaka ule hata mashamba hayakuwa mashamba, yalikuwa udongo mwekundu umepasuka kama kisigino. Mvua haikuja. Mume wangu aliswaga ng'ombe kwenda mbali kusini kutafuta malisho, akaniacha na baba yake, mjane, mtu mrefu mkavu mwenye sauti ya kuagiza. Sasa sikilizeni hali yangu. Kwetu mkamwana na baba mkwe wake wanaogopana. Mimi sikutaja jina lake, sikupita mbele yake, sikula akiniona, sikumtazama usoni. Chakula nilikiweka karibu na mlango wa chumba chake, nikapiga goti, nikarudi kinyumenyume, na nilijua ameshiba kwa kusikia bakuli likisukumwa. Miezi sita nilimfahamu kwa miguu yake tu. Ungeniletea wazee kumi nimchague mkwe wangu, ningeomba wavue viatu.

Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, uji mwembamba na mlenda. Halafu jirani mmoja akaozesha binti yake, njaa au si njaa, akachinja ng'ombe aliyekuwa karibu kufa mwenyewe, ukapikwa ugali wa mtama mkubwa kama kichuguu. Mkwe wangu alikula kama mtu anayelipa kisasi. Wanaume wenzake walimtania baadaye kwamba alimeza bila kutafuna ili meno yasimcheleweshe. Kesho yake asubuhi nikasikia chumbani kwake mlio ambao sikuujua, nikadhani ni ndama. Alikuwa ni yeye. Tumbo limesimama kama ngoma, anatapika kitu cha kijani. Majirani wakampakia kwenye mkokoteni wa punda, mimi nikafuata nyuma na mkeka na sufuria, na kwa kuwa hakukuwa na mwanamke mwingine wala mwana, muuguzaji nikawa mimi.

Daktari aliyempasua alikuwa mtu wa Busi, kule Kondoa, mnene, mpole, mwenye mikono midogo kama ya mtoto. Alipotoka aliniita kwenye kile chumba chao cha karatasi, kilichonuka dawa na ndizi mbivu, akaniketisha, akanieleza kana kwamba mimi ni mtu mzima mwenye akili. Sijawahi kumsahau kwa hilo. Alisema utumbo mwembamba ulikuwa umejisokota, mzunguko mmoja na nusu, kama kamba ya ndama anayezunguka mti. Mishipa ya damu ikabanwa humohumo ndani ya msokoto. Alipolifungua tumbo aliukuta utumbo mweusi kama zambarau. Akausokotoa, akaufunika kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya moto kiasi, akasimama akitazama saa ya ukutani. Alisema hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko kukata, kusimama. Kidogokidogo ule weusi ukawa rangi ya ini, ini likawa wekundu, na mwisho utumbo ukaanza kujinyonganyonga wenyewe kama mnyoo aliyeamshwa. Kipande kimoja tu, urefu wa shibiri, kilikataa kurudi. Akakikata, akaunga.

Nikashukuru, nikainuka. Akaniambia nikae, hajamaliza.

"Binti, kwenu mna korongo?" aliniuliza. Nikamwambia tunalo, limekauka. "Mvua ikinyesha baada ya kiangazi kirefu, yale maji ya kwanza yanayoshuka, mnakunywa?"

Nikamwambia hakuna mwenye akili anayekunywa maji ya kwanza. Yanakuja na mavi ya mbuzi, mizoga, miiba, povu. Yanabomoa kingo. Unayaacha yapite, unasubiri mchanga utulie, ndipo unafukua.

"Basi na damu ni hivyohivyo," akasema. "Mimi nimeifungulia. Watu wanadhani damu ikirudi mgonjwa amepona. Ikirudi ndipo inapobomoa. Ngozi ya ndani ya utumbo wake imechubuka, haina mlango wala ukuta. Ukimtilia chakula sasa, unamtilia sumu mwilini. Tusubiri utumbo wenyewe utuambie umeamka."

Nikauliza utatuambiaje. Akatazama ndizi zake. Akasema nesi atanieleza.

Nesi ndiye Zainabu. Alikuwa amenizidi miaka mitatu au minne, binti wa mjini, wa zile familia za Waislamu ambao babu zao walikuja na misafara wakabaki, kofia nyeupe imebanwa kwa pini nne, ulimi kama wembe. Mimi alinibatiza Mkonze siku ileile, hakuuliza jina. Akaniambia, "We Mkonze, mkwe wako akijamba njoo uniambie. Asipojamba, hali. Usimpe hata tone." Nikadhani ananifanyia mzaha kwa sababu ya ushamba wangu. Akaapa kwamba ndivyo ilivyo. Hewa ikitoka chini, utumbo umeamka na unasukuma. Isipotoka, bado umelala. Wodi nzima ya wanaume ilikuwa inangoja upepo, alisema, na wenye kupasuliwa wakijamba wenzao huwapongeza.

Akanipa kazi hiyo, akaenda zake. Na mimi, ambaye nilikuwa sijawahi kumwambia mzee yule hata kwamba kumekucha, nikatakiwa nimuulize kama amejamba.

Nyuma ya hospitali palikuwa na banda la wauguzaji, mafiga matatumatatu, masizi mpaka kwenye boriti. Hapo ndipo nilipolelewa mwaka ule, nasema kweli. Wanawake wa kila kabila walipika hapo wakiongea bila breki. Nilisikia mama mmoja akisimulia jinsi mumewe alivyonusa upepo wake mwenyewe baada ya siku tano akalia machozi ya furaha. Nilisikia mwingine akisema mgonjwa anayekula hafi, na mgonjwa akifa njaa hospitali, ndugu zake huuliza nani alikuwa anashika kijiko. Hilo liliniingia. Kichwani niliwaona mawifi zangu wakija kutoka vijijini kwa waume zao, wakiukuta mwili umekonda, wakiniuliza mimi. Nikimwangalia mkwe, yaani nikiangalia miguu yake iliyotokeza kwenye shuka, niliona imepungua kila siku.

Siku ya tatu asubuhi Zainabu alipita na faili, akauliza kutoka mlangoni, kwa sauti ya sokoni, amejamba au hajajamba. Wanaume kumi na wanne wakageuza vichwa. Mkwe wangu akavuta shuka hadi kichwani. Sikuwa nimemuuliza. Siku zote tatu sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nakaa sakafuni upande wa miguu yake, mgongo nimempa, natega sikio nikiomba Mungu nisikie mwenyewe yaishe. Nikaona aibu yake, nikaona na yangu, na njaa, na mawifi. Nikasema, "Ndiyo."

Neno moja. Zainabu akaandika. Adhuhuri wakamtoa ule mpira wa puani uliokuwa unanyonya uchafu wa tumbo, wakaniruhusu nimpe uji mwepesi. Nikaukoroga kwa furaha, nikauweka kwenye kikombe chake cha bati chenye ua la bluu, nikakisukuma kando ya mto bila kumwangalia. Nikasikia akinywa. Akaomba tena. Nikampa tena. Angewezaje mkamwana kumwambia baba mkwe hapana?

Kabla jua halijazama tumbo lilikuwa limerudi kuwa ngoma. Akatapika uji wote na yale ya kijani, mwili ukawaka moto, mapigo yakawa mbio. Wakamrudishia mpira. Daktari wa Busi alikuja na shati limetoka, akabonyeza, akasikiliza tumbo kwa muda mrefu, akasema hakuna sauti, kimya kabisa. Akasema wakingoja na hali isibadilike, atampasua tena, na mtu aliyekonda hivi hawezi kuhakikisha kwamba atatoka salama. Kisha akashika faili, akasoma, akamgeukia Zainabu, akamuuliza kwa upole, na upole wake ulitisha kuliko kelele, "Sista, nani alisema ametoa hewa?"

Zainabu aliangalia chini. Nikajua kitakachotokea. Angefukuzwa yeye, aliyekuwa ndio kwanza anaanza kazi, na mimi ningerudi Mkonze na maiti, na hakuna ambaye angejua. Hilo ndilo lililonitia hofu, kwamba hakuna ambaye angejua. Nikapiga magoti palepale kwenye saruji, nikasema mimi ndiye. Nikasema sikumuuliza, niliona haya, nilidanganya. Nikasema yote mbele ya wanaume kumi na wanne, na mkwe wangu akiwa macho anasikia.

Daktari hakunigombeza. Alivuta pumzi tu, akasema tutangoja hadi kesho mchana. Zainabu ndiye aliyenigombeza, nje, kwenye banda, mbele ya mafiga. Aliniita majina ambayo siandiki kwa sababu Nyemo atayasoma. Alipochoka akakaa kwenye kuni karibu yangu, akavua kofia, akasema, "Sasa Mkonze, utamuuliza au hutamuuliza?" Nikamwambia dada, ulimi wangu haufiki hapo, hata ukiuvuta kwa koleo. Akafikiri. Akasema, basi si lazima ulimi.

Tukaingia wote wawili. Mimi nikasimama upande wa miguu, nimempa mgongo, nikaongea na ukuta. Nikasema, kwa Kigogo chetu cha heshima, ya kwamba ukuta, mwambie baba anisamehe, nusura nimuue kwa adabu. Nikasema kikombe chake cha bati dada nesi atakiweka mkononi mwake, na ile shughuli ambayo madaktari wanaingoja ikitimia, asiseme kitu, agonge chuma cha kitanda mara mbili, mimi nitaelewa na hakuna aliyeulizwa wala aliyejibu. Ukuta haukujibu. Nilidhani amekasirika, au amekwisha. Kisha nikasikia sauti yake, nyembamba, haina amri ndani yake, ikiuambia ukuta huohuo, "Mwambie mkamwana, kikombe nimekishika."

Nilikaa sakafuni tangu asubuhi ya kesho yake nikisikiliza chuma. Hamjui jinsi wodi ilivyo na vyuma vingi. Beseni likianguka moyo unaruka. Mzee wa kitanda cha pili alikuwa anagonga kiko chake kwenye ukingo, nikamwendea nikamwomba kwa Mungu aache. Wodi yote ikajua, na pole pole ikanyamaza, watu wazima kumi na wanne wanatembea kwa vidole. Daktari alipita, akasikiliza tumbo, hakusema ndiyo wala hapana. Akaenda kunawa. Nilijua ananawa kwa ajili ya nini.

Ndipo kikombe kikagonga. Ti, ti.

Sikugeuka. Nilibaki nimeukazia macho ukuta, machozi yananitiririka hadi shingoni. Kikagonga tena, ti, ti, na mara ya tatu, kwa nguvu, kama mtu anayeitisha mkutano, na mzee wa kiko akasema kwa sauti ya kanisani, "Huyu sasa anajisifu." Wodi ikalipuka. Zainabu alitoka mbio kumwita daktari, kofia ikaanguka, hakuiokota.

Siku za kupona sina mengi ya kuzisemea, siku njema hazina masimulizi marefu. Alianza na maji ya kijiko, kisha maji ya mchele, kisha uji, na baada ya hapo alianza tena kuagiza, nikajua amepona. Mvua ilinyesha kabla hatujatoka. Tuliporudi Mkonze korongo lilikuwa limeshapitisha uchafu wake, na wanawake wanafukua mchanga, maji yanatoka meupe.

Nyemo alinionyesha picha kwenye simu palepale kwa Zainabu. Ni kipande cha utumbo wa panya kilichokatwa chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, kimetiwa rangi ya waridi na zambarau. Utumbo ukiwa mzima, ndani yake una vinyweleo vimesimama kama taulo jipya. Damu ikikatika, vya juu kabisa ndivyo vinavyokufa mwanzo, kwa sababu viko mbali na kisima. Damu ikirudi, vinapukutika zaidi, kama daktari wa Busi alivyosema. Picha ya pili ilikuwa upara mtupu. Nikamwambia Nyemo, hapa mtu amekufa. Akasema, "Hapana bibi, tazama chini." Chini, kwenye vishimo, zilikuwapo chembe chache ambazo hazikuguswa. Akasema hizo ndizo zinazozaa, zinapanda juu moja baada ya moja, na baada ya siku chache upara umevaa taulo tena. Nikamwambia hayo nayajua. Mtama ukiliwa na mbuzi hadi chini, usiung'oe, ngoja, machipukizi yanatoka kwenye kisiki. Zainabu akatafuna kitumbua chake akasema, haya basi, chuo kikuu chote hicho kumbe Mkonze wangeweza kukueleza. Nyemo akacheka, lakini niliona ameandika lile la mtama.

Jambo ambalo Nyemo hawezi kulipiga picha ni hili. Baba mkwe wangu aliishi miaka kumi na tisa baada ya pale. Hatukuacha kuogopana, sikumtazama usoni hata alipokuwa anakata roho. Lakini tangu siku ile akitaka kitu hakuamrisha tena. Aligonga kikombe mara mbili, nami nikaja. Nikijifungua, alikuja akagonga nje ya mlango mara mbili, na nilijua anauliza kama wote tuko hai. Alipokufa wanawe waligawana ng'ombe. Kikombe alikuwa ameshaacha neno kuwa ni cha mkamwana.

Wiki iliyopita Nyemo alinipigia simu mchana, ninaanika mlenda. Alikuwa na kazi yake moja, chembe alizozilea mwenyewe kwenye kisahani, alizinyima hewa na chakula kisha akazirudishia, na mara mbili zilikuwa zimemfia zote. Mwalimu wake alishamwambia zikifa mara ya tatu abadilishe somo. Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyelia. "Bibi," akaniambia, "zimeanza kugawanyika. Ziko hai."

Sikumjibu kwa mdomo. Niliingia ndani, nikakichukua kikombe kwenye rafu, ua la bluu limebaki jani moja, nikaisogeza simu karibu, nikagonga.